Mshubiri wa Marehemu Dada Yangu

Ndugu msomaji, huenda ukastaajabu kuona ukurasa huu umetolewa kwa habari za mmea mmoja uliopandwa chunguni. Mimi mwenyewe, lau ningaliambiwa miaka michache iliyopita kwamba nitakaa kitako kuandika habari hizo, ningalicheka. Lakini mambo ya nyumbani mara nyingi huwa madogo kwa macho na makubwa kwa mafunzo. Na hili lilitupata sisi nyumbani kwetu Kirumba, mjini Mwanza, wakati tulipokuwa tukidhani kuwa tunatenda wema mtupu.

Mwezi wa Mei mwaka 2023 dada yangu alifariki dunia huko Pangani, Mwenyezi Mungu amrehemu. Aliacha binti mmoja wa miaka tisa, ambaye baba yake alikwisha kutangulia zamani. Wazee wa ukoo walikaa wakashauriana, ikaonekana kuwa mimi, mjomba wake, ndiye wa kumchukua. Mwezi wa Juni nikaenda kumleta. Tulipanda basi Tanga, tukapita Chalinze, Morogoro, Dodoma na Singida, tukalala njiani, na siku ya pili jioni tukayaona yale mawe makubwa ya Mwanza yaliyopandana juu ya vilima kana kwamba yamepangwa kwa mkono. Muda wote huo mpwa wangu alikuwa amepakata kopo la maziwa ya unga lililoshika kutu, na ndani yake umo mshubiri wa mama yake. Nguo zake zilikuwa sandukuni chini ya basi, wala hakuziulizia hata mara moja. Lakini kopo lile hakukubali kulitua.

Mke wangu na wanangu watatu walimpokea kwa furaha na machozi. Tulikuwa tumeazimia kwamba mtoto huyu asijione yatima hata siku moja. Siku ile ile ya kwanza alinunuliwa nguo mpya na kutandikiwa kitanda kipya, na majirani wakaitwa waje kumpa pole. Siku ya tatu tukampeleka chuoni akasome Kurani pamoja na wenzake, ili asikae bure na mawazo. Kwa kuwa shule zilikuwa karibu kufunguliwa mwezi wa Julai, nikamtafutia na mtu wa kumfundisha hesabu jioni. Kila aliyeingia nyumbani alimwuliza: "Hujambo, mwanangu? Umekwisha zoea? Mbona husemi?" Naye hujibu, "Sijambo," akanyamaza.

Mshubiri nao tuliupokea kwa namna iyo hiyo. Mwanangu mkubwa alisema kuwa si heshima mti wa marehemu kukaa katika kopo lenye kutu. Basi asubuhi ya pili alikwenda sokoni akanunua chungu kikubwa kizuri cha kupikia, akakijaza udongo mweusi uliochanganywa na samadi ya ng'ombe, akaung'oa mti koponi akaupanda. Chungu kikawekwa uani karibu na bomba, mahali tunapotawadha, ili kila mtu aukumbuke. Nasi tukaukumbuka kweli kweli. Nyumbani kwetu tu watu sita, na sala ni tano. Kila aliyemaliza kutia udhu alimimina chunguni maji yaliyobakia katika birika. Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji, mti ule ulinyweshwa mara ngapi kwa siku moja!

Yafaa nieleze kidogo habari za mti wenyewe, maana huku kwetu Kanda ya Ziwa walikuwapo walioutazama wakauita mkonge mdogo. Mkonge na mshubiri hufanana kwa sura, lakini ni miti mbalimbali. Mshubiri una majani manene yenye miba midogo pembeni. Ndani ya jani mna ute unaoteleza, na chini ya ngozi yake umo utomvu wa manjano ulio mchungu mno. Hiyo ndiyo shubiri ambayo mama zetu wa pwani walikuwa wakiipaka kifuani wakati wa kumwachisha mtoto ziwa. Ute hupakwa penye ngozi iliyoungua kidogo, lakini ule utomvu wa manjano si kitu cha kuchezea, kwa kuwa huharisha sana, na mwanamke mwenye mimba haifai kuunywa.

Ziko aina nyingi za mishubiri zilizo za asili humu Afrika Mashariki. Ama huu upandwao sana majumbani, wataalamu wa mimea wanaona kuwa asili yake ni Bara Arabu, upande wa milima ya Omani, ambako mvua ni chache na ardhi ni ya mawe. Mwenyezi Mungu ameuumba uweke akiba ya maji ndani ya majani yake. Matundu yake ya kuvutia hewa, ambayo ni madogo yasiyoonekana kwa macho, huyafunga mchana wakati wa jua kali, na huyafungua usiku penye ubaridi. Mti wa namna hii hauogopi sana kiu. Adui yake ni maji yasiyo na njia ya kutokea.

Tena katika Kiarabu jina la mti huu na neno la subira huandikwa kwa herufi zile zile tatu: sadi, be na re. Jambo hilo nalilijua tangu utoto wangu chuoni, lakini kulijua neno si kuijua maana yake.

Wiki ya pili majani ya chini yakaanza kulegea. Rangi yake iligeuka manjano, kisha ikawa ya kahawia, kama majani yaliyochemshwa. Tukasema, mti una kiu, umechoshwa na safari. Tukaongeza maji. Mwanangu akasema labda umekosa jua, akautoa penye kivuli cha ukuta akauweka juani kutwa. Kila tulivyozidi kuuhangaikia ndivyo ulivyozidi kulegea, hata ikafika siku majani mawili yakadondoka yenyewe bila kuguswa.

Usiku ule baada ya sala ya Isha mpwa wangu alikuja barazani nilipokuwa nimekaa, akasimama mbele yangu. Akasema, "Mjomba, mti wa mama unanuka."

Hayo ndiyo maneno marefu ya kwanza aliyonitolea mwenyewe tangu tutoke Pangani. Nilichukua taa tukaenda pamoja uani. Kweli, ulikuwa ukinuka kama maji yaliyooza mtungini. Nikamtazama mtoto yule nikaona anatetemeka, nami nikaingiwa na hofu. Nalifahamu ya kuwa mti huo ukifa mikononi mwetu, haitakuwa ni hasara ya mti peke yake.

Asubuhi nikauchukua pamoja na chungu chake mpaka kwa bibi mmoja wa Kisukuma auzaye miche kando ya barabara iendayo Pasiansi, mpwa wangu akanifuata nyuma. Nikamwamkia, "Mwangaluka, Bibi." Akaitikia, kisha hakuuliza neno. Alitia kidole udongoni, akakinusa, akatikisa kichwa. "Mwalimu," akasema, kwa kuwa anajua kazi yangu, "mti huu hauna kiu. Mti huu unazama."

Kisha akatufundisha, nami nayaandika mafunzo yake kwa taratibu, ili aliye na mmea wa namna hii apate kunufaika.

Kwanza, aliutoa mti chunguni polepole akaukung'uta udongo wote uliolowa. Mizizi mingi ilikuwa myeusi na laini. Akachukua kisu kilichooshwa vizuri, akakata yote iliyooza mpaka akafika penye mzizi mweupe ulio mgumu. Akayaondoa na majani yaliyooza. Kilichobakia kilikuwa majani matano na mizizi mitatu.

Pili, alinikataza kuupanda siku ile. Alisema kidonda kibichi hakitiwi udongoni. Mti na ulazwe kivulini, mahali pakavu penye kupita hewa, kwa siku nne au tano, mpaka palipokatwa pafanye ngozi kavu. Nikamwuliza, "Bibi, siku tano bila ya udongo, hautakufa?" Akanijibu, "Chakula chake kimo majanini mwake. Uache ule akiba yake kwanza."

Tatu, habari ya chungu. Kiwe cha udongo wa mfinyanzi, kiipite mizizi kwa upana wa vidole viwili tu, na chini kiwe na tundu. Chungu kikubwa hushika maji mengi ambayo mizizi michache haiwezi kuyamaliza. Na chungu chetu kile kizuri cha kupikia hakikuwa na tundu lo lote. Tulikuwa tumeutia mti kisimani.

Nne, udongo. Nusu iwe udongo wa kawaida, na nusu iwe mchanga mnene wenye changarawe, ili maji yapite upesi. Samadi mbichi isitiwe kabisa. Hapo mimi mtu wa pwani nikasita, maana kwetu mchanga wa ufukoni una chumvi, na chumvi huunguza mizizi. Bibi akacheka sana. "Mwalimu, umekaa huku miaka mingapi? Hii ni Nyanza, si bahari." Nikaona haya, kwa kuwa maji ya ziwa hili ninayanywa kila siku.

Tano, maji. Ukisha kupandwa usinyweshwe kwa muda wa juma zima, ili mizizi iliyochubuka ipate kupona. Kisha unyweshwe mara moja, maji yatoke katika tundu la chini, uachwe mpaka udongo ukauke kabisa. Njia ya kujua ni kuchomeka kijiti: kikitoka na udongo ulioganda, bado, kikitoka kikavu, nywesha. Katika kiangazi chetu cha Juni hata Agosti tuliona kuwa yapita siku kumi mpaka kumi na nne. Mvua za vuli na masika zikija, chungu na kisogezwe upenuni, maana mvua za Mwanza hazina kipimo.

Sita, mwanga. Mti uliotoka kuugua usiwekwe juani kutwa. Upate jua la asubuhi tu, kisha ukae penye kivuli chenye mwanga kwa majuma mawili au matatu, halafu usogezwe kidogo kidogo.

Saba, usitikisweti­kiswe. Kuuvuta mti kutazama kama umekwisha shika mizizi ndiko kunakoizuia mizizi isishike.

Mwisho alitutahadharisha kwamba jani la kiu na jani la maji mengi yote mawili hulegea, ila hayafanani. Jani lenye kiu huwa jembamba na hujikunja, lakini ukilibana ni kavu. Jani lililozidiwa na maji huwa laini, la majimaji, na rangi yake kama lililopikwa. Watu wengi huona jani limelegea wakakimbilia birika kabla ya kuligusa. Nasi tulikuwa miongoni mwao.

Jioni ile tulishuka ziwani, mimi na mpwa wangu, tukachota mchanga mnene unaosagika kutoka katika mawe yetu. Alipoonja maji ya ziwa kwa ncha ya kidole, alinitazama kwa mshangao, akaonja tena. "Kweli hayana chumvi," akasema.

Zikaja zile siku tano za kungoja. Mshubiri ulilazwa juu ya sahani barazani, mizizi mitupu, na ukweli ni kwamba sote tulikuwa na wasiwasi. Mikono yetu ilizoea kutenda, tukaona kutotenda ni kama uzembe. Usiku wa pili mke wangu aliniambia, "Bwana, hata mtoto huyu tulimpanda siku ile ile aliyofika."

Sikuwa na jawabu. Nikaanza kuhesabu: nguo, kitanda, wageni, chuo, hesabu, na yale maswali yasiyokwisha. Katika yote hayo hapakuwa na ubaya hata mmoja. Lakini sisi hatukumpa mtoto huyu siku moja ya kukaa na kidonda chake kikauke. Dini yetu imetukataza kufuja maji hata katika udhu, hata penye mto utiririkao. Sisi tulijitahidi kutii katika udhu, tukaja tukayafuja katika chungu; na mapenzi nayo tukayafuja katika moyo wa mtoto.

Basi tukabadili mwendo. Nilikwenda kwa mwalimu wa chuo nikamwomba amwache kwa muda, mpaka atakapotaka mwenyewe kurudi. Mafunzo ya hesabu nikayasimamisha. Majirani tukawaomba kwa adabu waje kututazama sisi wakubwa. Nyumbani tuliagana kwamba hapana atakayemwuliza kwa nini hasemi. Lakini ndugu msomaji, usifahamu kuwa tulimtupa. Kumwachia mtu nafasi si kumtelekeza. Chakula chake kilikuwa tayari kwa wakati wake, mahali pake katika safu ya sala palijulikana, na mke wangu alikuwa akikaa karibu naye kila jioni akichambua mchele au dagaa bila kumdai maneno. Lile kopo lenye kutu, ambalo tulidhani limekwisha tupwa, tukaliona chini ya kitanda chake. Hatukuligusa.

Siku ya tano tuliupanda mti pamoja. Tulipokuwa tukijaza mchanga nilimsimulia habari ya kwao. Mwaka 1893, Mjerumani mmoja aitwaye Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, nchi ya Marekani. Iliyoagizwa ilikuwa 1,000. Baada ya safari ndefu ya baharini, iliyosalimika ikapandwa Kikogwe, karibu na mji wa Pangani, ilikuwa 62 tu. Kutokana na michache hiyo yakaenea mashamba ya katani yaliyolimwa kwa jasho la wazee wetu wengi, hata Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 hapakuwa na nchi iliyoishinda duniani kwa kutoa katani. Nilikusudia kumtia moyo, aone jinsi mti mgeni unavyoweza kushika ardhi.

Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na ile mingine, Mjomba?"

Nikamwambia, "Ilikufa njiani."

Akasema, "Wetu haukufa njiani."

Maneno yale yalinichoma, kwa kuwa yalikuwa kweli. Mshubiri ule ulivuka nchi nzima katika kopo lenye kutu, mapajani mwa mtoto, ukafika salama. Ulitaka kufa baada ya kufika kwetu.

Mwezi wa Julai mpwa wangu alianza shule. Mti haukuonyesha dalili yo yote. Mwezi wa Agosti majani yake matano yalikuwa membamba, lakini tukiyabana tuliyaona magumu. Katikati ya Septemba, asubuhi moja baada ya sala ya Alfajiri, tulisikia mtoto akiita uani, "Mjomba! Mjomba!" Tukatoka mbio sote, hata mwanangu mdogo asiye na kawaida ya kuamka mara moja. Katikati ya mti palikuwa na jani jipya, kijani kibichi, lisilopita urefu wa ukucha.

Siku zile zile ndipo alipoanza kusema. Hakusema mchana, wala hakusema mbele ya watu. Alimsimulia mkaza mjomba wake usiku, taa zimekwisha zimwa, habari za ugonjwa wa mama yake tangu mwanzo hata mwisho. Mke wangu hakumkatiza. Baada ya juma moja aliomba mwenyewe kurudi chuoni.

Sisemi kwamba huzuni yake imekwisha. Hata leo ziko siku ambazo hunyamaza kutwa, hasa mvua zinapoanza, kwa kuwa nami sijui kwa nini. Siku hizo hatukimbilii birika. Tunakaa naye, tunangoja.

Ndugu wazazi, wengi wetu tunapokea majumbani watoto wa ndugu waliokufa, wake wa wanetu, au jamaa waliohama kutoka mbali. Tukumbuke kuwa mgeni wa namna hiyo ameng'olewa. Tusimwondolee siku ya kwanza kila alichokuja nacho, hata kama kwa macho yetu ni kopo lenye kutu. Na kabla ya kumzidishia kitu, tumguse kwanza tujue kama analegea kwa kiu au kwa kuzidiwa. Nanyi vijana, mtu ambaye yumo nyumbani mwenu na hasemi, msidhani kuwa hataki kuwa ndugu yenu. Wahenga walisema kuwa subira yavuta heri, nao hawakusema kuwa huivuta upesi.

Mwaka uliofuata mshubiri wetu ulitoa vichipukizi vitatu pembeni mwa shina. Jirani yetu mmoja alivipenda, akaomba kimoja akakipande kwake. Mpwa wangu akachutama penye chungu, akakitazama kichipukizi kwa muda, akasema, "Bado, mama. Hakijapata mizizi yake. Kikipata nitakuletea mwenyewe, na ukisha kukipanda usikitie maji juma zima."

Wabillahi taufiki.